Somo: Marekebisho ya hoja mkutanoni, kura ni mbili

Ndugu wanachama, leo tuguse pale vikao vyetu vinapokwama kila mara: hoja iko mezani, mtu anasimama anataka ibadilishwe, na ghafla kila mmoja anasema lake.

Tuseme mkutano mkuu wa saccos umepokea hoja hii: "Kiingilio cha wanachama wapya kipande kutoka shilingi 20,000 hadi 50,000." Imeungwa mkono, mjadala umeanza.

1. Anayetaka kurekebisha aombe nafasi, ataje maneno kamili: "Mwenyekiti, naomba kutoa hoja ya marekebisho: 50,000 iondolewe, iwekwe 30,000." Kurekebisha ni kuondoa maneno, kuongeza, au kuondoa na kuweka mengine. "Nadhani tuliangalie upya" ni maoni tu. Bungeni Dodoma mbunge anayetaka kubadili muswada huleta jedwali la marekebisho kwa maandishi. Sisi karatasi ya daftari inatosha.

2. Mwenyekiti apime kama yanahusu hoja. "Tununue viti" ni hoja nyingine. "Kiingilio kisipande" nayo ayakatae, maana anayepinga hoja anayo kura yake ya siyo.

3. Yaungwe mkono. Yasipopata wa kuyaunga, yameanguka.

4. Mjadala sasa ni 30,000 au 50,000, basi.

5. Mwenyekiti asome marekebisho, kisha ahoji: "Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki waseme siyo."

6. Hoja yenyewe, sasa ikiwa na 30,000, inarudi mezani na kupigiwa kura yake. Tafadhalini, hatua hii msiiruke! Niliwahi kuwa katibu wa kikundi kilichopitisha marekebisho ya ada kwa vigelegele, tukafunga kikao kwa sala. Miezi miwili baadaye mweka hazina alikataa kupokea ada mpya, na haki ilikuwa yake: muhtasari haukuwa na uamuzi wa hoja. Ikabidi tuwaite watu upya, wengine wametoka mbali kwa nauli yao. Bado inaniuma.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nikisema ndiyo kwa 30,000, je, nimekubali kiingilio kipande?
Hapana, dada. Umesema tu kwamba kikipanda, bora kiishie 30,000. Kwenye kura ya mwisho uko huru kusema siyo.

Na mtu akitaka kurekebisha marekebisho, aseme 40,000?
Anaruhusiwa. Tunaanza na lililokuja mwisho: kura ya 40,000 badala ya 30,000, kisha marekebisho, kisha hoja. Kanuni za Mmarekani Henry Robert, zilizotoka mwaka 1876, zinaweka ukomo hapo. Ngazi ya tatu haipokelewi, nami naona ni busara, maana watu wangepotea.

Mtoa hoja akiyakubali mwenyewe, kura ya nini?
Someni kwanza katiba yenu. Kwa kanuni hizo za Robert, hoja ikishatamkwa na mwenyekiti ni mali ya mkutano. Mwenyekiti aulize, "Kuna anayepinga badiliko hili?" Wakinyamaza wote, limepita. Akipinga hata mmoja, marekebisho yafuate njia yake ya kawaida.

Katibu aandike nini?
Nani alitoa marekebisho, matokeo ya kila kura, na maneno ya mwisho ya hoja neno kwa neno. Ayasome kwa sauti kabla watu hawajainuka.