Kupapasa ncha ya juu ya mfupa wa ugoko

Kalisha mgonjwa ukingoni mwa kitanda, goti likunjwe nyuzi 90, mguu uning'inie. Goti likinyooka, mwanya wa kiungo hujificha. Kama ameumia na goti halikunjiki, usilazimishe. Shika kalamu ya wino unaofutika.

1. Tafuta kinundu cha mbele, chini ya pia ya goti. Hapo ndipo kano nene inayotoka kwenye pia hushika mfupa. Watoto wa miaka 10 hadi 15 wanaocheza mpira kila jioni kwenye viwanja vya Tandale au Temeke huvimba hapa: mfupa bado unakua, na kila shuti huivuta kano.

2. Panda na kano hiyo. Kabla hujafika kwenye pia, gumba litazama kwenye vibonde viwili laini, kimoja kila upande. Mfupa unaougusa chini ya kibonde ni uso wa juu wa ugoko. Wa juu yake ni wa paja. Chora mstari kwenye mwanya huo, uupeleke pande zote mpaka karibu na nyuma. Usiuruke mstari huu. Maumivu yakiwa kwenye mstari wenyewe, shuku menisko, gegedu laini lililo kati ya mifupa miwili ya goti. Yakiwa sentimita 1 au 2 chini, shuku mfupa. Wengi hubonyeza chini mno, kisha huandika menisko ni nzima.

3. Chini ya mstari papasa kondili, yaani vichwa viwili vipana vya ncha ya juu ya ugoko. Ya ndani ni kubwa, uso wake umebonyea. Ya nje ni ndogo, uso wake umebinuka kidogo. Ya nje ndiyo huvunjika mara nyingi: bampa ikimgonga dereva wa bodaboda ubavuni mwa goti, goti husukumwa ndani na mfupa wa paja hukandamiza uso huo. Akishindwa kutembea hatua 4, apigwe eksirei.

4. Upande wa ndani, kama sentimita 5 chini ya mstari, hushika kano tatu za misuli ya paja. Kifuko chao cha majimaji kikivimba, huuma wakati wa kupanda ngazi.

5. Upande wa nje, nyuma kidogo, kuna kichwa cha fibula, mfupa mwembamba ulio kando ya ugoko. Bonyeza taratibu: neva huzunguka shingo yake chini tu ya ngozi. POP (plasta ya kufungia mfupa) ikibana hapo, wayo huanguka: mgonjwa hawezi kuuinua. Mwambie mgonjwa ainue kidole gumba cha mguu kabla ya kufunga POP, na tena baada ya kufunga. Andika majibu yote mawili kwenye faili.