Jigi ya doveteli ya kutengenezea droo: jinsi ya kuichagua na kuiseti mpaka droo ikae sawa

Mafundi wenzangu, leo nataka tuongelee jigi ya doveteli, yani kifaa kinachoongoza ruta (mashine ya kuchonga mbao kwa biti inayozunguka) kukata ule muungo wa mkia wa njiwa. Wengi wananunua jigi, wanajaribu mara mbili tatu, droo inatoka imelegea alafu jigi inatupwa juu ya kabati, na mara nyingi jigi haina kosa lolote, shida ni kuseti.

Tuanze na kuchagua. Kama kazi yako ni droo tu, chukua ile ya templeti moja (bamba lenye vidole vinavyoongoza ruta) isiyobadilika, inayokata pembeni na uso wa droo, yani ubao wa mbele, kwa mpigo mmoja, muungo unaonekana ukifungua droo tu, mbele hauonekani. Zile za vidole vya kusogeza ni nzuri ila bei iko juu na zinakula muda, hizo ni za mtu anayetaka kupanga mikia, yani meno ya muungo, atakavyo. Upana wa mm 300 unatosha droo nyingi. Mi kitu cha kwanza naangalia ni vibanio: bana ubao alafu uvute kwa nguvu, ukicheza hata kidogo iache dukani, maana ubao ukihama katikati ya kukata hamna cha kuokoa hapo.

Hatua ya 1, mbao. Hapa usikimbie. Ziwe zimenyooka, unene sawa zote, na ncha zimekatwa guni kabisa, yani pembe mraba. Pembeni mm 12 mpaka 15, uso mm 18 au 20. Andaa na vipande vya majaribio vyenye unene uleule. Kama vidole vya jigi viko kila inchi 7/8, yani kama mm 22, fanya kimo cha droo kigawanyike kwa hiyo namba ili juu na chini muungo uishie sawa.

Hatua ya 2, biti na bushi (pete ya chini ya ruta inayofuata vidole vya templeti). Tumia zile zilizoandikwa kwenye maelezo ya jigi yako, nyingi ni biti ya nusu inchi yenye pembe ya nyuzi 14. Biti ya doveteli inakata kina chote mara moja, huwezi kushuka kidogokidogo kama biti iliyonyooka, kwa hiyo iwe kali.

Hatua ya 3, kubana. Ubao wa pembeni unasimama wima mbele, uso wa droo unalala juu, na upande wa NDANI wa kila ubao ndio unaouona wewe. Andika "ndani" kwa penseli na namba kila kona, usiamini kichwa. Ukingo wa chini wa droo uguse kizuizi siku zote, kona mbili zinakatwa kushoto na mbili kulia. Mbao hizo mbili zinapishana nusu ya nafasi ya vidole, kama mm 11 kwa jigi niliyotaja, na vizuizi vikisetiwa vizuri vinafanya hiyo kazi vyenyewe.

Hatua ya 4, kukata. Pita kwanza kulia kwenda kushoto, ukikwaruza kidogo tu mbele ili mbao isichanike, shika ruta vizuri maana hapo inataka kukukimbia. Alafu rudi kushoto kwenda kulia ukiingia na kutoka kila kidole. Ukimaliza USIINUE ruta juu! Zima, subiri biti isimame kabisa, ndo uivute kuelekea kwako. Niliwahi kuinua mapema, nikaharibu kidole cha templeti na ubao wa uso kwa sekunde moja.

Hatua ya 5, ndo yenyewe, kurekebisha kwenye vipande vya majaribio. Muungo umelegea? Shusha biti. Umekaza mno? Pandisha. Wengi wanafanya kinyume kwa sababu wanadhani kukata zaidi ndo kulegeza, kumbe biti ni pana chini, ikishuka mdomo wa shimo unakuwa mwembamba na jino linalobaki linanenepa. Sogeza nusu milimita au chini ya hapo kila mara. Kama pembeni imezama ndani kupita ncha ya uso, vuta templeti kuja kwako, ikichomoza isukume nyuma. Inatakiwa uingie kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao, ukiingia kwa mkono mtupu bado.

Ukipata kipimo, hicho kipande kitunze! Andika juu yake biti na unene wa mbao, safari ijayo unashushia biti humohumo kwenye shimo lake.

Mfereji wa kuingiza plaiwudi ya chini upitishe katikati ya mkia kwenye mbao za pembeni, ukipita kati ya mikia tundu litaonekana nje. Kisha gundi, paka ndani ya mashimo kiasi tu, gonga, pima kona kwa kona, na vipimo viwili vikilingana acha ikauke.