Somo: Kumaliza malaria kwa wachimbaji wa mpakani wasiokaa mahali pamoja

Mfano wetu ni misitu ya Guyana ya Ufaransa. Wachimbaji wa dhahabu, wengi wao Wabrazili wasio na vibali, huingia kwa mitumbwi kutoka Suriname na Brazil. Zahanati ziko mbali, askari wako karibu. Homa ikimshika, mtu hununua vidonge vya magendo, humeza viwili vitatu, akipata nafuu anaacha.

Hatua ya 1. Usimkimbilie mchimbaji mgodini, msubiri anakopita. Anashuka mtoni, ananunua vyakula, analala siku mbili mjini, kama Oiapoque upande wa Brazil. Ukikosea hapa, hatua zinazofuata hazina maana.

Hatua ya 2. Mpe mfuko wa kujitibu. Mradi wa Malakit (2018–2020) ulifanya hivyo: kipimo cha haraka, ALu (dawa mseto ya malaria) ya siku 3, primaquine na paracetamol. Bure, na kibali asiulizwe.

Hatua ya 3. Mfundishe kwa vitendo. Ajitoboe kidole mbele yako, asome mistari mwenyewe. Mwelekezaji awe mtu anayeijua jamii hiyo na lugha yake. Koti jeupe huwatisha. Michoro iwe mingi, maandishi machache.

Hatua ya 4. Akirudi, muulize kama alipima na kama alimaliza dozi. Kisha mpe mfuko mwingine.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mbona homa humrudia mtu aliyemaliza ALu na hajarudi msituni?
Huyo huenda ana vivax, aina mojawapo ya malaria. Vimelea vyake hulala kwenye ini, na ALu haivigusi huko. Hutolewa primaquine ya siku 7 au 14, au tafenoquine mara moja.

Si primaquine imo mfukoni?
Imo dozi moja tu, ya kuzuia falciparum, aina nyingine ya malaria, isihamie kwa mbu. Ile ya ini inahitaji kwanza kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwani mwenye upungufu wake chembe hizo hupasuka.

Kuna nchi ya huko iliyofaulu?
Suriname. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliithibitisha kuwa haina tena malaria Juni 2025, ya kwanza ukanda wa Amazon, baada ya miaka 3 mfululizo bila maambukizi ya ndani. Huko wachimbaji wenyewe walifundishwa kupima na kutibu wenzao kambini. Mimi hilo ndilo naliona kubwa kuliko dawa.

Na mjamzito?
Primaquine hapewi kabisa. Afikishwe kituoni, hata kama mtumbwi itabidi ukodiwe.