Namna ya kuchimba historia na jiografia ya mji mdogo wa Poland: mfano wa Kazimierz Dolny

Anza na jina, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Kazimierz si mmoja: Kraków una mtaa unaoitwa hivyo, na kuna pia Kazimierz Biskupi. Kwa hiyo andika jina kamili pamoja na mkoa (Lublin) na wilaya (Puławy). Kipolandi hubadili miisho ya majina, hivyo kwenye hati utakuta "w Kazimierzu" (yaani "katika Kazimierz"). Wayahudi wa hapo waliuita Kuzmir.

Kisha ramani, na kwanza mto. Mji uko ukingo wa kulia wa Vistula, na katika karne ya 16 na ya 17 utajiri wake ulitokana na nafaka iliyoteremshwa kwa maji hadi bandari ya Gdańsk. Ndiyo sababu mji mdogo hivi una maghala makubwa ya mawe, na uwanjani nyumba mbili za ndugu Przybyła za mwaka 1615 zilizojaa nakshi. Nyuma ya mji kuna makorongo. Udongo wake ni lesi, vumbi lililoletwa na upepo: magurudumu ya mikokoteni huuchimba, mvua huuzoa, na njia huzama mwaka hadi mwaka. Ramani ya 1:100,000 huyaficha. Fungua Geoportal, ramani ya serikali mtandaoni, uwashe tabaka la kivuli cha mwinuko, linaloonyesha miinuko na mabonde.

Kabla ya kugusa jalada lolote, andika orodha ya watawala: Austria kuanzia 1795, Utawala wa Kitemi wa Warsaw (Duchy of Warsaw) 1809, Ufalme wa Poland chini ya mfalme wa Urusi 1815, Poland huru 1918. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia lugha ya rejista. Vizazi na vifo vya miaka ya 1810 hadi 1867 viko kwa Kipolandi. Kuanzia 1868 ni Kirusi cha kuandikwa kwa mkono, na hapo wengi hukata tamaa. Picha za rejista nyingi zinapatikana bure kwenye szukajwarchiwach.gov.pl, tovuti ya hifadhi za nyaraka za serikali ya Poland.

Tarehe ni mtego mwingine. Ukiona 1/13 Mei 1870, ni siku moja kwa kalenda mbili, ya Kijuliani iliyotumiwa Urusi na ya Kigregori tunayoitumia leo; chukua ya pili. Tofauti ni siku 12 katika karne ya 19, na 13 kuanzia Machi 1900. Tena, tarehe ya mwanzo wa hati ni ya kuandikisha. Siku ya kuzaliwa imo ndani ya maelezo.

Mji ukikosekana kwenye orodha ya miji, tazama orodha ya vijiji na makazi. Baada ya uasi wa Wapolandi wa 1863 Urusi iliipokonya mamia ya miji hadhi yake. Kazimierz Dolny ulirudishiwa hadhi hiyo 1927.

Makaburi ya Kiyahudi yasomwe kwa tahadhari. Wanazi waliwaondoa Wayahudi wa mji mwaka 1942, na mawe ya makaburi yakang'olewa kutandika njia. Vipande vilivyookolewa vilijengewa ukuta wa kumbukumbu kwenye makaburi ya Kiyahudi ya Czerniawy mwaka 1984. Nakili maandishi ya jiwe, lakini usiweke alama ya kaburi pale jiwe lilipo.