Kidole Kianze kwa Mwenyewe: Kufundisha Watoto Maneno ya Familia kwa Kiingereza

Zamani nilikuwa nachora mti wa familia ubaoni, naandika "father, mother, brother, sister", darasa zima linaitikia. Wiki inayofuata namuuliza mtoto, huyu pichani ni nani? Ananijibu "sister my". Neno analo, ila hajui kuliunganisha na mwenyewe. Siku hizi sifundishi neno la ndugu likiwa peke yake. Tangu dakika ya kwanza linakuja na "my".

Na "my" haina taabu. Mtoto wa Kiswahili amezoea kubadilisha: mtoto wangu, jina langu, kitabu changu, dada zangu. Kwa Kiingereza zote ni "my" ileile. Waambie, utaona nyuso zinavyochangamka.

Kisha kila mmoja achore watu anaoishi nao, asimame, aguse picha, aseme "This is my mother." Tafadhali usiseme "mchore baba yako". Wapo waliofiwa, wapo wanaolelewa na bibi, na mtoto aliyeumia mwanzo wa kipindi hatakusikia tena. Sema "chora watu wa nyumbani kwenu". Kama "grandmother" litahitajika siku ya kwanza, lifundishe siku hiyohiyo.

Hapo maswali yataanza. "Mwalimu, mdogo wangu anaitwaje?" Kiswahili hakijali kama ni wa kike au wa kiume, Kiingereza kinataka kujua: "my little brother" au "my little sister". Mjomba, baba mdogo na baba mkubwa wote ni "uncle". Shangazi, mama mdogo na mama mkubwa ni "aunt". Mtoto akimwita mtoto wa baba yake mdogo "my brother", usimwambie huyo si ndugu yako. Mweleze tu kwamba Waingereza humwita "cousin".

Pagumu hasa ni "his" na "her". Kwetu "yake" ni ya wote, na tena sisi huangalia kile kinachomilikiwa: kitabu chake, viatu vyake. Kwa hiyo mtoto akitaka kusema mama yake Juma, anamtazama mama, anaona mwanamke, anasema "her mother". Kwa akili yake yuko sahihi kabisa. Nimewahi kueleza jambo hili kwa maneno mpaka koo likakauka, bila faida. Kilichonisaidia ni kidole. Nachora Juma na mama yake, na kabla mtoto hajafungua mdomo anaweka kidole juu ya Juma. Mvulana? "His." Kisha anakiburuta hadi kwa mama: "mother." Akikosea simsahihishi kwa mdomo, nagonga tu uso wa Juma kwa chaki. Fanya hivi siku tatu nne mfululizo, dakika tano tano, ukibadilisha picha: Asha na baba yake, Juma na dada yake.

Kidole hichohicho ndicho kinachofundisha "Juma's mother", kwa sababu hapa pia mwenyewe hutangulia. Waite watoto watatu mbele na kadi: "mother", "of", "Juma", kwa mpangilio wa mama wa Juma. Sasa Juma apite mbele, mama arudi nyuma, na wa katikati abadilishe kadi yake, ashike 's. Alama hiyo wanaijua, ni ritifaa, ileile iliyo kwenye neno "ng'ombe". Tatizo ni sauti, maana wataimeza na kusema "Juma mother". Mwenye kadi ya kati awe anavuma kama nyuki, zzz, kila zamu yake ikifika. Majina yetu mengi huishia na irabu, kwa hiyo z hiyo itawatosha kwa muda mrefu. Habari ya ritifaa inayokaa baada ya s, kama "my parents' house", iache kwanza.

Mwisho wa juma wabadilishane michoro wawili wawili, kila mmoja aeleze familia ya mwenzake: "This is Asha's grandmother. This is her little brother." Pita katikati yao kimya, ukitazama vidole vinaanzia wapi.