Ukileta mbwa kwa nyumba yenye paka: anza na pua, macho baadae

Siku ile namleta Jabali kutoka Mtwapa nilifanya kosa ambalo naona watu wanalifanya mpaka leo, ndio maana naandika haya. Jirani wa dadangu alikuwa anahamia bara, akawa hana pa kumuacha mbwa wake, dume la miaka miwili hivi, nikampakia kwa tuktuk mpaka Mtopanga, nikafungua mlango tukaingia hivohivo. Shombo, paka wetu, alikuwa amejilalia jikoni kwa mbuzi ya kukunia nazi. Jabali kumuona tu akavuta, kamba ikanitoka mkononi, sufuria ya chai ikaenda chini, Shombo kapita kwa grili ya dirisha mpaka juu ya tangi la maji la jirani na hakushuka mpaka watu walikuwa wametoka kuswali isha. Nusu dakika ile ilinigharimu mwezi mzima, manake paka akishashtuka namna hiyo huanzi tena kwa sifuri, unaanza chini ya sifuri.

Sasa nikwambie vile ilivyofaa kufanywa, na vile nilivyofanya baadae mpaka wakakaa.

Kwanza chanjo, na hili halina mjadala. Mbwa mgeni asiingie kama hujui amechanjwa kichaa cha mbwa au la, na paka naye achanjwe, watu wengi wanachanja mbwa peke yake paka wanamsahau na yeye akiumwa anaugua vilevile. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi 3, halafu unarudia kama daktari wa mifugo atakavyokupangia. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na sehemu nyingi hutoa chanjo ya bure karibu na siku hiyo, kwa hivyo ulizia ofisi ya mifugo mapema. Na mtu akiumwa au akikwaruzwa hapo nyumbani, osha kidonda kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 nzima, usipake mafuta taa wala pilipili, halafu hospitali siku hiyohiyo.

Kitu kingine cha dawa ambacho nakuomba ukishike: dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka kabisa. Nyingi zina permethrini, mbwa haimdhuru, paka inamuua. Hata mbwa ukishampaka, muweke mbali na paka mpaka manyoya yakauke vizuri.

Haya, nyumba. Wengi wanamfungia paka chumbani ili mbwa apate kuzoea, na hapo umeshampa mbwa nyumba nzima. Mwenye nyumba ni paka, mgeni ndio anayepewa kona. Jabali nilimpa ule ukumbi mdogo wa nyuma unaoelekea uani, pana kivuli na upepo, maji muda wote. Usimuweke kwa stoo ya mabati, joto letu la Februari na Machi linaua mbwa kweli, si maneno tu. Na usimfunge mnyororo mchana kutwa pale paka anapopita. Naelewa ndio desturi yetu, mbwa wa ulinzi anafungwa mchana anafunguliwa usiku, lakini mbwa aliyefungwa akawa anamuona paka anapita mbele yake mara ishirini kwa siku anajaa hasira zisizo na pa kutokea, siku mnyororo ukikatika utajua.

Siku tatu nne za mwanzo wasionane hata kidogo. Wajuane kwa pua. Hapa leso ndio ilinisaidia kuliko kitu chochote: chukua doti moja kuukuu, uikate vipande vyake viwili, kimoja mtandikie mbwa alalie, cha pili mtandikie paka, baada ya siku mbili badilisha. Kile cha mbwa usimtupie paka kwa sahani yake, kiweke mbali, pembeni, umuache akifuate mwenyewe. Shombo siku ya kwanza alikisogelea na shingo imenyooka, akanusa pindo, akafoka, akaenda zake. Siku ya tatu nikamkuta amekalia ncha ya ile leso anajilamba. Hiyo ndio alama niliyokuwa naingojea, mara nyingi paka hatulii kujilamba mahali anapoogopa.

Wakati huohuo walishe pande mbili za mlango uliofungwa, mbwa huku paka kule, sahani zikiwa mbalimbali halafu kila siku unasogeza kidogo. Paka akigoma kula rudisha nyuma. Na uangalie kweli kama anakula, manake paka si kama mbwa, akipitisha siku moja na nusu au mbili hajatia kitu tumboni ini lake linaweza kuharibika, hapo ni daktari. Dume la paka nalo ukiliona limechuchumaa kwa mchanga linajikamua na mkojo hautoki, hiyo ni mbio siku hiyohiyo, stresi inaleta hayo na yanaua haraka.

Kisha mpe paka njia ya juu. Nilimwita fundi akanipigilia rafu tatu za mbao ukutani, kutoka juu ya friji mpaka dirishani, ili paka aweze kuvuka nyumba nzima bila kugusa chini. Angalia njia isiishie kona, paka akibanwa kona ndio anapigana, na kucha yake ikiingia kwa jicho la mbwa umepata kesi nyingine. Chakula chake pia kiende juu, na lile beseni la mchanga wake liwe mahali mbwa hafiki, mbwa wanakula kile kinyesi usishangae. Na wasile chungu kimoja, ule ugali wa mbwa na matumbo haumtoshi paka, paka lazima apate nyama au samaki.

Fundi huyohuyo alinitengenezea mlango wa fremu ya mbao na waya wa kuku, una tundu chini la paka peke yake kupita. Wiki ya pili ndio nikafungua ule mlango wa mbao ukabaki wa waya, wakaonana. Hapa ndio penye kazi yenyewe kwa hivyo nitapakalia.

Kabla ya kuwaonyesha, mchoshe mbwa. Mimi nilikuwa namshukisha Jabali pwani pale Pirates alfajiri maji yakiwa yamekupwa, mchanga haujapata moto, anakimbia anachimba mashimo ya kaa mpaka ulimi nje. Siku ambayo huwezi kutoka chukua makumbi ya nazi, fichia dagaa ndani, mwache apekue, dakika ishirini za kunusa zinamchosha mbwa kuliko unavyodhania.

Halafu kaa naye kama hatua sita kutoka kwa waya, kamba mkononi lakini imelegea, mfukoni una maini ya kuchemsha yasiyo na chumvi wala kitunguu, yakatwe vidogo kama punje za mahindi. Paka atatokea akitaka mwenyewe, usimbebe kumleta, kumshika paka mbele ya mbwa ni kujitafutia kupasuliwa mikono na kumfundisha paka kwamba na wewe huaminiki. Mbwa akimuona atakaza. Mwili unakuwa kama ubao, mdomo unafungwa, masikio mbele, hasikii unavyomwita. Usimkemee. Usimpige. Ukimpiga anahesabu hivi: kila yule paka akitokea mimi naumia, na chuki inaanzia hapo. Ngoja. Iko sekunde moja atageuza jicho, hata sikio tu kukuelekea, papo hapo mwambie "enhe!" na ini liwe mdomoni mwake kabla hajageuka tena. Akimtazama paka akarudi kukutazama, enhe, ini. Kama hawezi kabisa kugeuka ujue uko karibu sana, rudi hatua tatu nyuma ujaribu tena. Dakika tano zinatosha, mara tatu kwa siku. Jabali siku ya kwanza aligeuka mara mbili tu, siku ya sita alikuwa anamuona Shombo halafu ananigeukia mwenyewe kuulizia haki yake, na mimi hapo machozi yalinilengalenga jamani, sikuamini.

Ndio kitu chote unachomfundisha hicho, kwamba kumuacha paka kunalipa. Humfundishi kumpenda. Umbali anaupanga paka, wewe unamlipa mbwa kwa kuuheshimu.

Hawa wawili pia lugha zao zinagongana. Mbwa akitikisa mkia mara nyingi amechangamka, paka akiupiga mkia huku na huku amekasirika. Mbwa akiinamisha kifua chini na makalio juu anasema tucheze, paka anaona mtu anajiandaa kumrukia. Kwa hivyo wewe ndio mkalimani wao: masikio ya paka yakilala, mkia ukivimba kama brashi ya chupa, kikao kimeisha, mtoe mbwa pole pole bila kelele. Paka kufoka mara moja au kumchapa mbwa kofi la pua bila kucha si vita, anaweka mpaka, na mbwa mwenye akili anaelewa haraka kuliko sisi.

Ukishaona wiki nzima hakuna anayekaza, fungua mlango wa waya, mbwa na kamba yake ikiburuta chini ili uweze kuikanyaga. Asikimbie ndani ya nyumba, kukimbia ndio kunaamsha kuwinda, paka akikimbia na mbwa akafuata mara moja tu unarudi wiki mbili nyuma. Watoto waambie mapema wasiwachochee, wale wa kwetu walidhani ni mchezo wa kurekodi kwa simu, mamangu akawapigia kelele na wakatulia.

Mtoto wa mbwa ni rahisi zaidi, akikua na paka toka wiki ya nane tisa hivi anamuona kama wa nyumbani, ila usumbufu wake ni mwingi na paka mzee asiachiwe azongwe, muondoe puppy akapumzike. Mbwa mkubwa aliyewahi kuua paka mtaani, hapo nasema ukweli wangu, mimi nisingemchukua kama nina paka ndani. Mtafutie nyumba isiyo na paka, si dhambi.

Majirani nao wahesabie. Kwetu nyumba nyingi ni za Waislamu na mate ya mbwa ni najisi, mtu ana udhu wake hataki kuguswa pua mlangoni, na paka wako ndio huyohuyo anayezunguka nyumba zote akipewa vichwa vya samaki. Nilienda kwa bi mkubwa wa nyumba ya pili kabla hata mbwa hajazoea, nikamwamkia, nikamweleza mbwa atakaa nyuma na hatapita barazani kwake. Alinijibu, "Mwanangu, mimi shida yangu si mbwa, shida yangu ni Shombo asihame." Ile wiki mbaya ya mwanzo ni yeye alikuwa akimlisha.

Ilichukua kama wiki saba. Sahii mchana wa joto utamkuta Jabali amelala sakafuni kwa ubaridi na Shombo juu ya rafu mguu unaning'inia, mara nyingine anashuka anapita mbele ya pua yake taratibu, Jabali anafungua jicho moja anafunga. Lakini nikienda Kongowea sokoni, hata iwe nusu saa, ule mlango wa waya naufunga, na Shombo anajua tundu lake liko wapi.