Kabla Hujaambiwa Injini Imenoki: Kutafuta Chanzo cha Mlio Mkubwa katika Land Rover 109

Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyomo katika pikapu za Land Rover 109 za Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, haikuwa ya kimya hata siku ilipotoka kiwandani. Ni injini nzito ya silinda nne, ambayo valvu zake husukumwa kwa fimbo ndefu kutoka kwenye kamshafti iliyo ubavuni mwa bloku, na kwa hiyo kugongagonga kidogo ni sauti yake ya kawaida. Linalopaswa kukutia wasiwasi ni mlio mpya, ambao jana haukuwapo, na unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa upesi kwamba injini imenoki, yaani imeharibika ndani, na kabla hajakaa sawa silinda hedi imeshafunguliwa, ilhali hakuna aliyejua mlio ulitoka wapi. Nami nilikaribia kufanyiwa hivyo, kwa kosa la gasketi moja.

Ipo hali moja tu ambayo hairuhusu uchunguzi wowote injini ikiwa inaunguruma. Ukisikia kishindo kizito kutoka chini ya injini, na taa ya oili ikawaka au ikapepesa, zima palepale ulipo na gari livutwe. Kwa milio mingine yote unao muda wa kutosha kufikiri. Anza na kijiti cha oili: angalia kiwango, kisha sugua oili kati ya vidole viwili mbele ya mwanga wa jua. Oili iliyo nyembamba na inayonuka petroli imechanganyika na mafuta na haiwezi tena kukinga beringi. Chembe zinazometameta ndani yake ni chuma kilichokwanguka, nazo ni habari mbaya kuliko mlio wenyewe.

Egesha gari mahali tambarare na uweke magogo au mawe kwenye magurudumu. Usitegemee breki ya mkono peke yake, kwa kuwa katika gari hili hukamata shafti inayotoka nyuma ya giaboksi, wala haikamati magurudumu yenyewe. Kunja mikono ya shati, vua chochote kinachoning'inia, kaa mbali na feni. Vifaa unavyohitaji ni vichache: bisibisi ndefu, kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa mita moja hivi, tochi, spana na fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia mianya.

Kisha ngoja injini ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha, kwa sababu swali lenye uzito kuliko yote ni hili: mlio hufanya nini injini inapopata moto? Beringi iliyolika ya konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), husikika zaidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi. Ekzosti inayovuja kwenye manifoldi, yaani mabomba yaliyofungwa kwenye silinda hedi, hupiga kelele asubuhi, kisha hupungua chuma kinapotanuka na kuziba mwanya. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda nayo hugonga asubuhi na kutulia baadaye. Usiwashe injini kwa nusu dakika ukatoa hukumu. Sikiliza tangu mwanzo hadi geji ya joto ifike mahali pake pa kila siku, na uandike ulichosikia kila baada ya dakika chache.

Vitu vilivyo nje ya injini huchunguzwa kwa dakika kumi tu. Legeza alteneta, toa mkanda wa feni, na uwashe injini kwa muda usiozidi dakika moja; mlio ukitoweka, chanzo ni beringi ya alteneta, pampu ya maji, au brakedi iliyolegea. Rudisha mkanda, kisha kanyaga klachi. Mlio unaoanza mguu unapokanyaga ni wa beringi ya klachi, na unaokoma unapokanyaga unatoka kwenye giaboksi.

Tapeti, yaani sehemu zinazosukuma valvu, zinastahili subira zaidi. Mlio wake ni mwepesi, kama wa cherehani, hutokea juu ya injini, na kwa kuwa kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa kranki, huenda polepole kuliko unavyotarajia. Weka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha roka (mikono midogo inayobonyeza valvu), mpini ukiwa sikioni, usogeze kutoka mbele kwenda nyuma, na utagundua ni upande gani unalia zaidi. Pampu ya petroli iliyo ubavuni, ambayo pia huendeshwa na kamshafti, hulia karibu vilevile, kwa hiyo iguse nayo kabla ya kufungua chochote.

Mwanya wa tapeti za injini hii ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane. Hesabu valvu kutoka mbele, namba 1 hadi 8, na utumie kanuni ya tisa: valvu ya 8 inapokuwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, inapofunguka ya 6, rekebisha ya 3, yaani namba mbili zijumlishwe zifikie 9. Ukitoa plagi, injini huzungushwa kirahisi kwa ile hendeli ya mbele. Hata hivyo, fila geji inaweza kukudanganya. Roka iliyotumika miaka mingi huchimbika kidogo pale inapogusa ncha ya valvu, na fila geji hupita juu ya kishimo hicho, ikasoma 0.25 wakati mwanya wa kweli ni mkubwa zaidi. Tapeti ikiendelea kulia baada ya kurekebishwa vizuri, toa roka hiyo uitazame uso wake.

Mlio wa kuchakacha mbele kabisa ya injini, hasa wakati wa kuwasha, huwa ni wa cheni ya taimingi au wa kikaza cheni, ambacho hutegemea presha ya oili. Mlio wa vigelegele vya chuma unaotokea wakati wa kupanda mlima kwa gia kubwa huwa wa petroli kuwaka kabla ya wakati wake. Rudisha taimingi ya distribyuta, yaani wakati wa kutoa cheche, nyuma kidogo kabla ya kufikiria jambo lolote kubwa.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi hukitegemea, na ndicho kilichonipotosha. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uufunge ugusane na chuma cha injini, kisha washa. Rudia kwa silinda zote nne. Mlio ukipungua sana silinda fulani inapozimwa, kazi ya silinda hiyo ndiyo inayouleta, na wengi husema moja kwa moja kuwa ni konrodi.

Gari langu lilianza kulia kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Soni. Lilikuwa na shehena ya mahindi, na kila nilipokanyaga mafuta lilipiga ta-ta-ta kali, lakini kwenye mteremko likanyamaza. Mafundi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walichomoa waya wa silinda ya nne, mlio ukatoweka, na wote wakasema, "Mzee, hii ni konrodi, tushushe injini." Kipimo chao hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa katika kukifasiri, kwa kuwa silinda isiyowaka haisukumi tena gesi yenye nguvu kupitia mwanya wa ekzosti, na mlio wa ekzosti hufifia sawasawa na ule wa konrodi.

Usiku ule injini ikiwa baridi niliiwasha, nikaweka ncha moja ya mpira wa petroli sikioni na nyingine nikaipitisha polepole kando ya manifoldi, bila kuigusa. Nilipofika silinda ya nne, sauti ilinipiga sikioni kama mtu anayetema mate. Nilimulika tochi: palikuwa na alama ya masizi, nyeusi, yenye umbo la unyoya, iliyoanzia kwenye kiungo cha gasketi na kupanda juu ya silinda hedi. Baada ya dakika kumi na tano za joto, mlio ulikuwa umebaki nusu. Konrodi haifanyi hivyo.

Basi usikubali injini ishushwe mpaka dalili tatu zikubaliane: mlio unaongezeka kwa joto, unapungua silinda moja inapozimwa, na hakuna masizi wala upepo kwenye manifoldi. Ongeza na kipimo cha presha. Mahali ilipo swichi ya taa ya oili panaweza kufungwa geji ya muda. Injini ikiwa na moto, katika mwendo wa maili 30 kwa saa, presha inapaswa kuwa kati ya paundi 35 na 65 kwa inchi ya mraba. Yote hayo yakielekea kwenye konrodi, fungua sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kwanza, kwani kifuniko cha konrodi hufunguliwa kwa chini bila kushusha injini. Ukipitisha ukucha juu ya kranki ukakwama kwenye mikwaruzo, beringi mpya peke yake haitasaidia. Kranki itabidi ipelekwe kupimwa na kuchongwa.

Ikiwa ni gasketi ya manifoldi, ifunge kwa utaratibu. Manifoldi ya hewa na ya ekzosti katika injini hii zimeunganishwa kwa bolti, na anayezikaza pamoja kwanza, kisha akazilazimisha kwenye silinda hedi, huipasua ya ekzosti. Legeza kiungo chao, safisha nyuso zote hadi masizi yaishe, kaza nati zinazoshika manifoldi kwenye silinda hedi kuanzia katikati kwenda pembeni kidogo kidogo, kisha ndipo ukaze kiungo kati ya manifoldi mbili. Endesha gari hadi lipate moto, liache lipoe, na ukaze nati tena. Zangu zilikubali robo mzunguko zaidi, na asubuhi iliyofuata nilizisikia tapeti peke yake.